Wasiohesabiwa wa Tarver

Habari ya F ilimkuta Ardelia Purnell jikoni kwake, anachambua mboga za chakula cha Jumapili, redio ikiongea kwa sauti ya chini. Mtangazaji alikuwa akisoma majina ya shule za kaunti pamoja na herufi ambazo jimbo limezipa mwaka huo, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Bellwood, A. Zikafuata shule nyingine mbili tatu. Shule ya Msingi ya Tarver, F. Hakuvuta hata pumzi, akaingia kwenye tangazo la matairi.

Ardelia akaziacha mboga ndani ya maji. Mumewe, Lemuel, aliyekuwa mezani na kikombe chake cha kahawa, alimtupia jicho la pembeni akangoja. Alikuwa ameishi naye vya kutosha kujua kwamba mkewe akinyamaza namna ile, ni heri usikie vyombo vinavunjika.

"Wamenipa F," akasema hatimaye.

"Wameipa shule, mke wangu."

"Shule ni nani, Lemuel? Ni matofali?"

Lemuel akarudi kwenye kahawa yake.

Ardelia alizaliwa Tarver, kwenye nchi tambarare ya pamba chini ya tuta la mto Mississippi, baba yake akiendesha trekta katika mashamba ya watu wengine. Alipomaliza chuo, wenzake wote walikimbilia miji ya kaskazini, wakamcheka yeye aliyerudi. Akapewa darasa la tatu, na hapo ndipo alipokaa. Waliotaka kumpandisha cheo aliwakatalia. Alikuwa na imani moja ambayo hakuna semina iliyoweza kumtoa: kwamba hadi darasa la tatu mtoto anajifunza kusoma, na baada ya hapo anasoma ili ajifunze, kwa hiyo anayevuka mlango ule hajui kusoma amefungiwa nje ya nyumba yote. Yeye alijiweka kuwa bawabu wa mlango huo. Alikuwa mkali. Wanaume wazima wenye ndevu, wakikutana naye dukani, walichomeka mashati. Alikwisha kufundisha kwa muda mrefu kiasi kwamba akiita majina asubuhi, mara nyingine ulimi ulimteleza akamwita mtoto kwa jina la mama yake, na mtoto akaitika tu.

Mtu kama huyo ukimwambia kwa redio kwamba kazi yake ni F, umemtusi pamoja na kaburi la baba yake.

Ijumaa iliyofuata vijana wa sekondari wanayosoma watoto wa Tarver walicheza mpira ugenini Bellwood, na kama kawaida Tarver nzima ilipanda magari kwenda kushangilia, wazee kwa watoto. Ardelia alikuwa amekaa na Lemuel kwenye benchi za juu, blanketi magotini. Mchezo ulipofika katikati, mashabiki wa upande wa pili waliinua makaratasi makubwa, kila moja limeandikwa herufi moja tu kwa rangi nyekundu, wakaanza kuimba: "Efu! Efu! Efu!" Watu wazima wengine walicheka. Mbele ya Ardelia walikaa watoto wa darasa lake, wamevaa kofia za sufu, mikono imejaa bisi. Akawaona wakitafuna polepole, halafu wakaacha kutafuna. Msichana mmoja aligeuka nyuma akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, ni sisi wanaotuimba?"

Alipokuwa akisimulia jambo hilo baadaye, ni hapo sauti yake ilipopanda. Kwa jirani kukosa adabu angeweza kusamehe. Majirani ndivyo walivyo, kesho wewe utamcheka yeye. Lakini nani alimpa jirani lile karatasi? Nani aliyekaa ofisini huko mji mkuu akaona ni busara kuuchukua mji wa watu, na mafuriko yake, na viwanda vyake vilivyofungwa, na watoto wake wanaohama na kuhamia kila kodi ya nyumba inapowashinda wazazi, akaukunja wote ukaenea ndani ya herufi moja?

Akataka kuielewa. Hakuwa mtu wa kuchukia asichokijua. Siku moja baada ya masomo alimwendea mwalimu mkuu, Royce Gaddis, akamwambia amweleze herufi ile inapikwaje. Royce alikuwa mtoto wa Tarver. Yeye mwenyewe alikaa dawati la pili katika darasa la Ardelia, kijana mwenye kigugumizi ambaye Ardelia alimzoeza kusoma kwa kuimba hadi ulimi ukafunguka. Sasa alivaa tai, na tangu herufi itangazwe alikuwa halali vizuri, macho yalimsaliti.

Royce akaeleza. Jimbo limechora mstari. Mtoto akipata alama juu ya mstari katika mtihani wa mwisho wa mwaka, shule inapata pointi. Akiwa chini ya mstari, hata kwa nukta, haipati. Kuna pointi nyingine kidogo kwa mtoto aliyepanda ngazi kutoka mwaka uliopita. Na mtoto aliyehamia baada ya tarehe fulani ya vuli haingizwi kabisa kwenye hesabu ya shule, kwa sababu, wanasema, si haki kuilaumu shule kwa mtoto waliyempokea jana.

"Hilo la mwisho angalau lina akili," Ardelia alisema.

"Ndivyo nilivyodhani na mimi," Royce akajibu, akatazama dirishani.

Alijua jambo ambalo Ardelia hakulijua bado. Wilaya ilikuwa imemwajiri mshauri kutoka mji mkuu, mwanamke nadhifu mwenye sauti tamu, aje awafundishe walimu wa Tarver jinsi ya kutoka kwenye F. Alikuja mwanzoni mwa Novemba. Aliwakusanya maktabani, akawapa keki, kisha akawaambia wawagawe watoto kwa rangi. Kijani ni waliokwisha kuvuka mstari. Hao wataendelea wenyewe. Njano ni waliobakiza kidogo. Hao ndio pointi zetu. Nyekundu ni walio mbali mno. Chumba cha kusoma, ambako mwalimu mmoja wa ziada hukaa na watoto wachache wachache, kingekuwa cha njano peke yao hadi mtihani upite. Na wale wageni wa baada ya tarehe, akasema akitabasamu, hao hawana rangi, maana hawahesabiwi.

Ardelia aliinua mkono kama mwanafunzi. Akauliza, wale nyekundu wafanyweje.

Mshauri alisema wafundishwe kama kawaida, bila shaka, lakini rasilimali ni chache na lazima ziende mahali zitakapozaa.

"Dada," Ardelia akamwambia, "hapo unaongelea shamba. Mimi nimekuuliza watoto."

Walimu wengine waliinamia keki zao. Ardelia hakuwalaumu sana. Wengi walikuwa vijana, wenye mikopo ya chuo na watoto wadogo, na kila mmoja alijua kwamba F ya pili ingelileta jimbo kuifunga shule na kuwafagia wote. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuudhi zaidi. Mtu akikutia kisu shingoni kisha akakuuliza nani aachwe, dhambi ya jibu lako ni yake pia, lakini haionekani mikononi mwake.

Baada ya Sikukuu ya Shukrani ya mwisho wa Novemba, tarehe ya hesabu ikiwa imekwisha kupita, akaja msichana mpya darasani, jina lake Keyonna Lyle. Walihamia Tarver yeye na mama yake, Shanda, baada ya nyumba waliyopanga mji mwingine kuungua, na Shanda akapata kazi kiwanda cha kambare, kule kwenye mstari wa visu, mahali ambapo wanawake husimama kutwa nzima wakikata samaki, ndani ya maji baridi na mabuti ya mpira. Keyonna alikuwa mtoto mwenye adabu na mjanja. Ukimwambia asome, alitazama picha, akakumbuka aliyesoma kabla yake, akatunga sentensi nzuri kuliko ya kitabu. Alimdanganya Ardelia kwa siku chache, na si wengi waliowahi. Kisha Ardelia akafunika picha kwa kiganja, na mtoto akakwama, jasho linamtoka puani. Hakujua hata nusu ya sauti za herufi.

Ardelia hakuona aibu yoyote katika hilo. Alifurahi, kama fundi aliyeletewa kazi yake hasa. Mtoto aliyeweza kutunga namna ile alikuwa na akili ya kutosha kwa watu wawili. Alihitaji funguo tu. Akampeleka chumba cha kusoma.

Hazikupita dakika nyingi mlango ukafunguka. Keyonna alisimama kizingitini, kalamu mkononi, hakulia wala hakununa. Alitoa taarifa kama mtu aliyetumwa.

"Mwalimu, wamesema nirudi. Wamesema mimi sihesabiwi."

Darasa zima lilisikia. Ardelia alimwambia akae, akaendelea na somo la kujumlisha, akiandika ubaoni kwa nguvu hadi chaki ikavunjika. Kengele ilipolia, alikwenda ofisini kwa Royce bila kubisha hodi.

"Umewaambia watoto hawahesabiwi?"

Royce akainuka. Alisema yule mwalimu wa chumba cha kusoma alikosea kulisema mbele ya mtoto, kwamba angemkanya.

"Sikuja kwa ajili ya mdomo wake. Amesema kweli. Nimekuja kwa ajili ya hiyo kweli."

"Bi Ardelia, sikuitunga mimi hesabu hii. Nikipata F nyingine wanafunga shule. Watoto wote hawa watapandishwa basi kila alfajiri kwenda Bellwood, kwa wale wale waliowaimba. Nikimpa yeye kiti, nitamnyang'anya mtoto ambaye kiti hicho kingemvusha mstari. Niambie ningefanyaje."

"Ulipokuwa hujui kutamka jina lako mwenyewe, Royce, ulikuwa rangi gani?"

Uso wa mtu yule ulibadilika. Ardelia alitambua kwamba amepiga mahali pa kuuma, na hakujutia, ingawa alimpenda. Akatoka. Tangu siku hiyo Keyonna alikula chakula cha mchana kwenye dawati la mwalimu, mkate wa mahindi mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Wakaanza na sauti za herufi, wakaingia maneno mafupi, wakafika hadithi ndogo ya ukurasa mmoja ambayo mtoto aliisoma mara nyingi mno hadi Ardelia akamwomba amhurumie. Watoto wawili wengine wa rangi nyekundu walianza kujipenyeza wakati huo huo, sandwichi mfukoni. Hakuna aliyewaita.

Habari hazikukawia kumfikia mshauri. Mwezi wa Machi, majira ya mtihani yakikaribia, Royce alimwita Ardelia na kumweleza, macho yakiwa mezani, kwamba wilaya imeamua darasa la tatu lichukuliwe kwa muda na mwalimu aliyefunzwa mazoezi ya mtihani. Yeye angesaidia chekechea. Heshima ilikuwa pale pale, alisema. Ardelia alikusanya vitu vyake ndani ya boksi la machungwa. Alimaliza mwaka akiwafunga kamba za viatu watoto wa miaka mitano, na kila saa ya chakula alipopita koridoni aliwaona wale watatu wamekaa mwisho wa meza, hawana kitabu. Alijaribu kuwaita. Aliambiwa, kwa maandishi safari hii, kwamba asiingilie ratiba.

Herufi mpya ilitoka vuli. Tarver ilipata C.

Tungesema nini? Mji ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi baada ya aibu ile yote. Kulikuwa na bendi, maputo, kambare wa kukaanga kwenye sufuria kubwa uwanjani, na bwana mmoja wa wilaya alikuja kupeana mikono. Mchungaji aliomba dua ya shukrani. Lemuel mwenyewe alipiga makofi, kisha akaona mkewe hapigi, akaishusha mikono taratibu. Waliwaita walimu wa siku nyingi wasimame washangiliwe. Ardelia hakusimama. Watu walidhani ana kinyongo cha kutolewa darasani, na walikuwa na haki kidogo. Lakini asubuhi ile alikuwa amepita mbele ya darasa la tatu na kumwona Keyonna Lyle ameketi humo tena, magoti yamegusa chini ya dawati, miongoni mwa watoto wadogo kuliko yeye.

Kwa maana sheria ya jimbo ilikuwa hivi: mtoto wa darasa la tatu asiyefaulu kusoma katika mtihani ule ule, hapandi. Kwenye hesabu ya shule, Keyonna hakuwepo. Alipotaka msaada hakuwepo. Ila ulipofika wakati wa kumrudisha darasa, walimwona vizuri sana, jina lake na alama zake, nukta chache chini ya mstari. Chache tu. Mtoto aliyeingia hajui sauti za herufi alikuwa amepanda kimo chote kile kwa mkate wa mahindi wa mchana, na jimbo zima halikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Ardelia alikwenda kwa Shanda Lyle. Alikaa kwenye ngazi za nyumba ya trela akamweleza yote, tangu rangi hadi chumba cha kusoma. Alijua anaweza kufukuzwa kwa hilo. Shanda alikuwa na vidole vilivyokakamaa kwa baridi ya kiwandani, akavikandakanda huku anasikiliza. Alikuwa ameambiwa na shule kwamba mwanawe ni mzito wa kuelewa. Alikuwa ameamini. Alikuwa amemchapa mtoto kwa uzito huo mara moja, na sasa alilisema kwa sauti ndogo, akageuza uso.

"Kiwandani tuko wengi tuliohamia," akasema. "Wanakutana lini hao wakubwa?"

Bodi ya elimu ya wilaya ilikutana jioni ya Jumanne. Kwa kawaida viti vya wananchi vilikuwa vitupu. Jumanne ile wanawake wa zamu ya mchana walikuja moja kwa moja kutoka kazini, mabuti ya mpira miguuni, harufu ya samaki ikawatangulia hadi meza kuu. Ardelia alikaa nyuma. Mwenyekiti aliwakumbusha kwamba mzungumzaji ana dakika tatu, na Shanda akasema hazihitaji zote.

"Nakata kambare," alisema. "Samaki akija kwangu mdogo, namkata. Akija amechelewa, namkata. Hakuna samaki ninayemwambia hahesabiwi, kwa sababu msimamizi wangu angenifukuza siku ile ile. Ninyi nimewaletea mtoto."

Mjumbe mmoja alianza kueleza habari ya kanuni za jimbo, kwamba bodi haikuzitunga. Mwanamke mwingine akainuka nyuma ya Shanda, na mwingine nyuma yake, hakuna aliyekuwa na hotuba. Walitaja tu majina ya watoto wao, na mwezi waliohamia. Na ndipo Royce Gaddis, aliyekaa pembeni na makaratasi ya kusoma ripoti ya C, aliomba nafasi. Kile kigugumizi cha utotoni kilimrudia, akakwama kwenye neno la kwanza, watu wakangoja. Alisema agizo la chumba cha kusoma alilitekeleza yeye, kwamba liliinua herufi kama lilivyoahidiwa, na kwamba anaomba bodi ilifute usiku huo.

Walilifuta. Kura haikuwa ya wote, lakini ilitosha. Mstari wa jimbo ulibaki pale pale, na kule mji mkuu hakuna aliyejua kwamba Tarver kumetokea lolote. Siku chache baadaye Royce alimrudishia Ardelia darasa la tatu, la waliorudia na wa nyekundu wote, kwa sababu ndilo aliloliomba. Hawakuzungumza mengi. Royce alimwambia, "Asante, Mwalimu," naye akamjibu kwamba chumba kinavuja kwenye kona, alete mtu.

Keyonna alisoma vizuri kabla ya Krismasi, na kwa sauti, na mara nyingi bila kuombwa. Alivuka darasa mwaka uliofuata, mrefu kuliko wenzake wote, na ule mwaka alioporwa hakuna aliyemrudishia. Ardelia hakuwahi kulisamehe hilo. Ukimtajia angekuambia kwa utulivu, na utulivu ule ulitisha kuliko kelele.

Jimbo lilipouinua mstari, Tarver ikashuka hadi D. Mwandishi wa gazeti la kaunti alimpigia simu Ardelia, akitaka kujua anajisikiaje kuhusu herufi mpya. Alimwambia aje Jumatatu asubuhi akae darasani, asikilize watoto wakisoma mmoja mmoja hadi wa mwisho, ndipo amuulize tena. Mwandishi alisema habari yake inatakiwa gazetini kabla ya hapo. Ardelia akakata simu, akamwambia Lemuel amsogezee miwani, madaftari ya watoto yalikuwa yanamngoja.